Soksi Kwenye Mpini wa Jokofu

Urho ameuvika soksi mpini wa jokofu,
soksi yake ya sufu, ya kijivu, iliyotobolewa kisigino na buti,
kwa sababu tangu dripu ya tatu
chuma baridi kinaniwasha kama upupu na kunikata kama wembe,
na huku kwetu Kemi, mwezi wa pili,
ni chuma gani kisicho baridi?

Miaka ishirini na miwili nimepeleka barua.
Masanduku ya bati mia tatu na kumi na nane,
kila moja nalijua kwa sauti ya kifuniko chake:
la akina Kortesniemi hukohoa,
la mwalimu Saimi hulia kama paka aliyekanyagwa.
Leo anayafungua kijana wa watu, mgeni wa njia hii,
nami niko dirishani namhesabia hatua.
Nikamwona akilipita sanduku la tisa bila kulitupia jicho,
moyo ukafoka: rudi!
kana kwamba ugonjwa huu wote ni barua moja iliyosahauliwa.

Maji nanywa vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto.
Uma nimeuacha. Nalia kijiko cha mti
(nalia, yaani nakula nacho;
kule kulia kwingine kuna saa yake).

Jumatano napanda treni ya saa kumi na mbili kwenda Oulu.
Nesi Eevamaija hunifunga pampu kiunoni,
nyepesi kuliko pochi ya sarafu,
narudi nayo nyumbani, siku mbili mchana na usiku.
Inanong'ona kila dakika: tsii. Tsii.
Mbwa wetu Ruska anaiogopa. Analala mlangoni,
mgongo kanipa.
Hilo ndilo lililoniuma. Si nywele kupungua,
si kinywa chenye ladha ya senti iliyonyonywa.
Mbwa kunipa mgongo.

Watu hawakosi maneno. "Jipe moyo, Raakel."
Moyo ninao, nilichopungukiwa ni utumbo, sentimita ishirini na nne!
Nilimjibu Sylvi hivyo hivyo, pale kwenye ngazi,
akabaki na chungu chake cha viazi mikononi, uso umemshuka.
Nikaona haya. Nikampokea. Kilikuwa cha moto.
Nikakikumbatia muda mrefu kuliko adabu inavyotaka.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, sawa,
lakini nimegundua la pili, lisilo na methali:
hata mwenye mzigo kuna asubuhi husahau kwamba anao,
akausonya mkate ulioungua,
akagombania rimoti,
kisha ukamrudia wote, kwa mpigo,
akiwa anafunga kamba za kiatu.

Mwanangu Jalmari hupiga simu kutoka Turku.
"Mama, unajisikiaje?"
Namtajia digrii: kumi na tisa chini ya sifuri, upepo wa kaskazini.
Ananitajia zake: tatu chini, theluji ya majimaji.
Tunanyamaza. Namsikia akipumua.
Sijui kama huko ni kusema au ni kukwepa.
Ndivyo tulivyo.

Usiku wa juzi usingizi uligoma, tsii, tsii,
nikaenda jikoni bila kuwasha taa.
Nikamkuta Urho amesimama mbele ya jokofu,
mkono umeishika soksi ile,
hafungui,
hajui kama nipo.
Nilitaka kumwita.
Nikarudi kitandani kwa ncha za vidole,
nikamwachia giza lake.

Asubuhi tundu la kisigino lilikuwa limeshonwa
kwa uzi mwekundu, vibaya,
mishono ya mtu anayeshona kwa ngumi.
Sikusema kitu. Nikafungua, nikayatoa maziwa kwa kitambaa.
Nje kijana wa barua alikuwa kwenye sanduku la tisa,
amevua glavu, anapuliza vidole.

Nikamgongea kioo kwa kijiko cha mti.